Kufundisha Historia ya Muziki wa Emo: Sauti na Jina

Mwanafunzi asikiapo neno emo, aghalabu hukumbuka nguo nyeusi na nywele zilizofunika jicho, yaani sura iliyoenea katika miaka ya 2000. Mwalimu akianzia hapo, historia itapinduka. Chimbuko la muziki huu ni mji wa Washington, Marekani, ambako bendi ya Rites of Spring ilitoa santuri yake mwaka 1985. Vijana hao waliushika mpigo mkali wa panki, bali walipunguza hasira iliyoelekezwa kwa jamii, wakaimba majuto na huzuni za nafsi. Jina lenyewe walipachikwa na wengine. Ian MacKaye, mwimbaji wa bendi ya Embrace ya mji huohuo, alilikataa hadharani. Hata hivyo lilidumu. Lilihamia kwa Sunny Day Real Estate wa Seattle, waliotoa santuri ya Diary mwaka 1994, na baadaye kwa My Chemical Romance, ambao nao walilikana. Kwa hiyo somo hili lina historia mbili: ya sauti na ya neno. Asiyezitenganisha atafundisha jina, akidhani amefundisha muziki.