Gawa siku za wiki uimarishe misuli nyumbani

Je, wewe huanza mazoezi kwa pupa Jumatatu, na kufikia Jumatano huwezi hata kushuka ngazi kwa maumivu? Huenda tatizo si uvivu bali ni ratiba.

Kuanzia umri wa miaka 30 hivi, mtu asiyefanya mazoezi hupoteza misuli polepole. Hatimaye kuinuka kitini huwa kazi, na uzeeni mtu huanguka kwa urahisi. Mnamo 2020, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri watu wazima waimarishe misuli yote mikubwa angalau siku mbili kila wiki.

Si lazima uende jimu. Gawa mwili wako sehemu mbili.

Jumatatu na Alhamisi ni zamu ya kifua, mikono na mgongo. Simama mbele ya ukuta, uweke viganja ukutani, ukunje viwiko kisha ujisukume nyuma. Ukizoea, fanya hivyo sakafuni. Halafu inama kidogo, mgongo ukiwa umenyooka, uvute mtungi wa maji wa lita 5 hadi mbavuni. Huo ni uzani wa kilo 5 hivi. Badilisha mkono.

Jumanne na Ijumaa ni zamu ya miguu na tumbo. Keti kwenye kiti imara, uinuke bila kujishika. Kisha lala kifudifudi, ujiinue kwa viwiko na vidole vya miguu, ukae hivyo kwa sekunde 20.

Mazoezi mengine yote fanya mara 8 hadi 12, pumzika dakika mbili, kisha urudie hadi mikupuo mitatu. Mara 12 zikiwa rahisi, tafuta mtungi mkubwa zaidi.

Usidharau mapumziko. Misuli hujijenga inapopumzika, ndiposa iliyofanya kazi Jumatatu huachwa hadi Alhamisi. Jumatano na wikendi, tembea tu.

Usizuie pumzi unapoinua kitu. Hali hiyo hupandisha shinikizo la damu ghafla. Uchungu wa misuli kwa siku moja au mbili ni kawaida. Lakini ukihisi maumivu ya kifua au maumivu makali ya kiungo, acha mara moja umwone daktari. Wenye ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu na waja wazito wamwone kabla ya kuanza.

Bandika ratiba hii ukutani na uifuate. Haba na haba hujaza kibaba.