Ua lenye mikia miwili

Jumapili moja ya Januari nilialikwa kuhubiri katika kanisa la kijiji kilicho chini ya Uwanda wa Kitulo. Nilichagua Mathayo sura ya 6, pale Yesu anapowaambia wanafunzi wayatafakari maua ya kondeni. Wenyeji huuita uwanda ule Bustani ya Mungu, nikaona neno limepata mahali pake.

Baada ya ibada mama mmoja wa kwaya alinisubiri mlangoni. "Shikamoo, mchungaji. Hayo maua unayotuambia tuyatazame, sisi tunayachimba. Ndiyo yaliyolipa ada ya mwanangu."

Sikuwa na jibu. Ukweli ni kwamba hata mimi sikuwahi kuyatazama.

Kesho yake nilipanda uwandani na kijana anayeongoza wageni. Kitulo iko mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, ni hifadhi ya taifa tangu 2005, na ina aina 45 hivi za okidi zinazoota ardhini. Mimi niliona maua tu. Kijana akanichutamisha kwenye umande.

"Hesabu mikia, baba mchungaji," alisema.

Okidi nyingi hujipindua kabla ya kuchanua ili mdomo wa ua ukae chini, mdudu apate pa kutua. Satyrium haijipindui. Mdomo wake hubaki juu kama kofia, na nyuma yake huning'inia mikia miwili. Disa nayo ina kofia, lakini kofia hiyo si mdomo, na kwa kawaida mkia ni mmoja. Habenaria nyingi zina petali zilizochanika kama nyuzi, utadhani miguu ya buibui. Nilikosea mara tatu kabla ya kupatia moja. (Neno la Kigiriki alilotumia Mathayo pale si kutupia jicho tu, ni kujifunza kwa makini. Nilifundishwa hilo chuoni, nikalisahau.)

Chini ya shina kuna viazi viwili: cha zamani kinacholisha ua la mwaka huu, na kipya cha mwaka ujao. Mchimbaji hutaka kile kipya. Akikitoa, mmea umekwisha. Viazi huvushwa kwenda Zambia, husagwa na kupikwa pamoja na karanga na pilipili, kikawa chakula kiitwacho chikanda. Vikishakuwa kwenye gunia, mikia haihesabiki tena. Watafiti wamelazimika kupima vinasaba ili wajue ni aina gani.

Nilirudi kwa yule mama, nikamweleza habari za mikia. Alicheka. Yeye alizitambua kwa majani, hata kabla hazijachanua. Akanitajia mbili zilizokuwa nyuma ya nyumba yao alipokuwa msichana, ambazo sasa hazionekani.

"Nayajua, mchungaji. Ila muhula ujao ada nitaitoa wapi?"

Niliagana naye. Mfukoni nilikuwa na bahasha ya nauli waliyonichangia kanisani, na ya kwake ilikuwemo.