Akiba Inayoliwa Kimya: Kina cha Fataki kwenye Mashine Kongwe za Kujazia Risasi

Kwenye kitako cha ganda la risasi kuna kishimo kidogo kinachobeba fataki, yaani kikombe cha shaba chenye kemikali inayolipuka ikigongwa. Kwa viwango vya SAAMI, jumuiya ya watengenezaji wa silaha na risasi iliyoundwa Marekani mwaka 1926, uso wa fataki haupaswi kuchomoza nje ya kitako hata kidogo, wala kuzama zaidi ya inchi 0.008. Hiyo ni takriban milimita 0.2. Ndani ya nafasi hiyo ndimo inamotakiwa kufanya kazi mashine ya nyumbani iliyosubiwa miaka 40 au 50 iliyopita, tena bila kifaa chochote cha kupimia. Kipimo ni mkono wa mtumiaji.

Mashine za aina hiyo zimejaa kwenye karakana za Wamarekani wanaojaza risasi zao wenyewe, kwa shabaha, kwa uwindaji au kwa kubana matumizi. Kampuni ya RCBS, iliyoanzishwa na Fred Huntington mjini Oroville, California, mwaka 1943, ni moja tu kati ya zile zilizojijengea sifa ya chuma kisichokufa. Sifa hiyo haikutolewa bure. Fremu ya chuma cha kusubu hudumu kuliko mnunuzi wake, ikarithiwa na mtoto au ikauzwa kwenye mnada wa vitu vya marehemu. Fataki zilipoadimika nchini humo kuanzia mwaka 2020, wajazaji wengi walilazimika kutumia fataki za chapa yoyote na maganda ya kila asili kwenye mashine zilezile. Lakini kudumu kwa fremu hakusemi lolote kuhusu viungo vinavyobeba kipimo.

Kwanza, kazi inavyofanyika. Fataki aina ya Boxer, ile inayotumika karibu kwenye kila ganda linalojazwa upya Marekani, ina fuawe yake ndani: kipande kidogo chenye miguu miwili au mitatu. Fataki ikisukumwa hadi mwisho, miguu hugusa sakafu ya kishimo, fuawe hupanda kidogo ndani ya kikombe, na kemikali hubanwa katikati. Bila mbano huo fataki haiko tayari. Fuawe ikiwa inaelea, pigo la pini ya bunduki huishia kuikalisha fataki na risasi hugoma. Pigo la pili ndilo huiwasha. Mtu akiona risasi imegoma kisha ikakubali, hulaumu springi ya bunduki. Mara nyingi mkosaji amebaki nyumbani, amekazwa mezani kwa boliti.

Kwenye mashine nyingi za zamani, fataki huwekwa kwenye kikombe cha mkono mdogo unaoingia ndani ya mfereji wa pistoni, nguzo inayopanda na kushuka na ganda. Wenzo ukirudishwa, pistoni hushuka na ganda, na kisukumio kilicho ndani ya kikombe hicho huibana fataki ndani ya kishimo. Mashine iliyoundwa vizuri huwa na mwendo wa ziada: kisukumio kinaweza kwenda mbele kuliko kina kinachohitajika, hivyo kinachoisimamisha fataki ni sakafu ya kishimo, si mwisho wa safari ya mashine. Mwendo huo wa ziada ni akiba, na mahesabu ya akiba hiyo hayaandikwi popote.

Uchakavu huanza kula hapo. Pini za viungo vya wenzo hulika na kuanza kucheza ndani ya matundu yake. Tundu la pistoni kwenye fremu hupanuka, pistoni ikaegama upande mmoja. Midomo ya kishikio cha ganda hulika, na kwa kuwa fataki inapobanwa ndani ganda husukumwa juu mpaka ukingo wake uguse midomo hiyo, kila sehemu inayolika hapo ni sehemu iliyotolewa kwenye mwendo wa kisukumio. Meza yenye ubao mwembamba hupinda. Kwenye mashine zenye sahani ya mzunguko, boliti ya katikati ikilegea sahani huinuka upande mmoja wakati wa kubana. Kisha kuna masizi. Fataki iliyokwisha kutumika hutema mabaki ya madini ya risasi, bariamu na antimoni, unga mgumu unaokwaruza, na kwenye mashine za zamani unga huo huanguka moja kwa moja kwenye mfereji wa pistoni. Ukijikusanya chini ya mkono wa fataki, mkono haufiki mahali pake.

Kinachostahili kutia hofu ni mwelekeo wa makosa hayo. Katika mitambo mingi makosa madogo hufutana: moja huongeza, jingine hupunguza. Hapa karibu yote yanapunguza. Kiungo kinachocheza, midomo iliyolika, meza inayopinda, masizi, sahani inayoinuka: kila kimoja kinaiacha fataki juu zaidi, na hakuna kinachorudisha deni. Maadamu akiba ipo, haionekani dalili yoyote, na mtumiaji ana kila sababu ya kuamini kwamba mashine yake ni nzima. Ikiisha, kasoro haiji kwa kila risasi bali kwa chache, kwanza kwa maganda yenye ukingo mwembamba kwa sababu hayo huinuka zaidi.

Mkono wa mtumiaji nao huficha. Wenzo umeundwa kwa kazi nzito ya kurudisha ganda kwenye umbo lake, na nguvu hiyo hufunika hisia ya fataki kufika mwisho. Mtumiaji anayehisi ugumu huongeza nguvu, na nguvu hiyo huvila viungo vilevile vilivyosababisha ugumu.

Uchunguzi unaanza kwa kalipa na maganda matupu, yasiyo na baruti, macho yakiwa yamekingwa. Kisukumio hupimwa kinavyotokeza juu ya kishikio, kwanza wenzo ukiwa huru, kisha ukiwa umesukumwa. Tofauti kati ya vipimo viwili ndiyo jumla ya mchezo wa viungo. Baada ya hapo husomwa mpangilio wa kosa. Fataki zote zikiwa juu kwa kiasi kilekile, lawama huangukia masizi, kishikio au kituo cha mkono wa fataki. Zikitofautiana, yachunguzwe maganda. Zikilala upande, pistoni au sahani. Kosa likifuata maganda ya kijeshi peke yake, ni ule mkunjo wa kiwandani unaoizunguka fataki, ambao haukuondolewa kabla ya kujaza, na mashine haina hatia. Kubadilisha vitu viwili kwa mara moja huharibu ushahidi wote.

Fataki iliyo sawa na uso wa kitako bado si uthibitisho. Kishimo kikiwa kirefu, fataki inaweza kuonekana imekaa huku miguu ya fuawe haijagusa chini.

Madhara hutegemea silaha. Kwenye bastola ya mzinga wa kuzunguka, fataki iliyochomoza hukwaruza bamba la nyuma na kuuzuia mzinga usizunguke. Kwenye bunduki inayojipakia yenyewe hali ni nyingine kabisa. M1 Garand, bunduki iliyoingizwa katika jeshi la Marekani mwaka 1936, ina pini ya kugonga isiyozuiwa na springi. Kila bolti, yaani kipande kinachofunga nyuma ya mtutu, inapofunga, pini hutembea mbele kwa kasi yake yenyewe na kuacha alama kwenye fataki. Bunduki ya M16 ya jeshi hilohilo ina pini ya namna hiyo, na katika miaka yake ya mwanzo ilibidi pini hiyo ipunguzwe uzito baada ya bunduki kufyatuka bila kifyatulio kuguswa. Fataki iliyochomoza hukutana na pini hiyo mapema, au na uso wa bolti wenyewe. Ikiwaka kabla bolti haijafunga sawasawa, ganda hubaki bila ukuta wa kulishikilia, na gesi hutoka upande wa mpigaji.

Fataki iliyo juu kwenye risasi ambayo tayari ina baruti haisukumwi tena. Risasi hiyo huvunjwa. Na kwa kuwa akiba iliisha bila tarehe, fundi aliyepima mashine yake leo na kukuta mchezo wa milimita 0.2 hana njia ya kujua ni sanduku lipi kwenye rafu lilijazwa kabla na lipi baada, isipokuwa kuyafungua yote na kupima kitako baada ya kitako.