Tarakilishi Iliyorudi Mwaka 2009

Mama mmoja jirani yetu huweka hesabu za biashara yake ya mahamri katika tarakilishi kuukuu aliyoachiwa na kakake. Binti yake alitaka kusakinisha humo LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia na kupigia hesabu. Ikakataa. Fundi waliyempelekea akasema chombo kimekufa, kinunuliwe kingine. Mama akavua bangili yake ya dhahabu, akaja kumuuliza mke wangu ni sonara gani anunuaye kwa haki.

"Ngoja kwanza, mama," nikamwambia. "Ileteni niitazame."

Mashine iliwaka vyema. Tulipofungua tovuti ya programu ile, kukatokea ujumbe wa Kiingereza. Nikamuuliza binti umesemaje.

"Sijui, Sheikh. Mimi huufunga tu."

Ujumbe ulisema waziwazi kwamba saa ya tarakilishi imechelewa. Tukatazama pembeni mwa skrini, tukakuta Januari 2009.

Kila tovuti salama hubeba hati mfano wa pasipoti, yenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Mashine inayodhani ni mwaka 2009 huiona hati ya leo kuwa haijaanza kutumika, basi huikataa. Ndani ya tarakilishi ya mezani mna betri ndogo ya CR2032, duara kama sarafu, ya volti 3, ambayo huiendesha saa wakati umeme umezimwa. Ikiisha, kila stima ikipotea saa hurudi nyuma. Tuling'oa waya wa umeme, tukabadilisha betri, upande wa alama ya kujumlisha ukitazama juu, kisha tukaweka tarehe na saa za Nairobi. Kwa tarakilishi ya mapajani afadhali mwachieni fundi, kwani mara nyingi betri hiyo imefungwa kwa nyaya na kufichika ndani.

Tovuti zikafunguka, lakini kusakinisha kukagoma tena. Safari hii binti aliusoma ujumbe mwenyewe: furushi hili halikubaliwi na aina hii ya prosesa. Hapa ujumbe wenyewe waweza kupoteza mtu, maana prosesa huenda haina kosa. Tulibonyeza kitufe cha Windows pamoja na kile cha Pause, tukaona mfumo ni Windows 7 wa biti 32, nasi tulikuwa tumepakua programu ya biti 64. Mfumo wa biti 64 kwa kawaida huzipokea programu za biti 32. Kinyume chake hakiwezekani. Katika tovuti ya LibreOffice, ya biti 32 huandikwa x86, na ya biti 64 huandikwa x86-64. Isitoshe, tangu toleo la 25.8 programu hiyo haikubali tena Windows 7, kwa hiyo tulichukua toleo la nyuma yake kutoka katika hifadhi yao wenyewe. Wako wauzao programu za wizi zilizovunjwa kufuli. Nyingi huja na virusi, na mali ya watu ni mali ya watu.

Diski nayo ilikaribia kujaa, tukafuta video za arusi zilizokwisha nakiliwa kwingine.

Ikasakinika kabla ya Magharibi. Mama akauliza kama sasa aweza kuingia humo katika akaunti yake ya benki. Nikamkataza: Windows 7 iliacha kupewa marekebisho ya usalama tarehe 14 Januari 2020. Hesabu za mahamri, naam. Siri za benki, la.