Kipimo Kimoja kwa Kikundi Kizima: Kushona Blanketi la Viraka

Mafundi wa cherehani katika miji ya Kisii, Keroka na Nyamira hubaki na vipande vya vitambaa kila wanapomaliza kushona sare za shule au nguo za kitenge. Vingi hutupwa. Kikundi cha akina mama au vijana kinaweza kuviunganisha na kupata blanketi la viraka, la kutumia nyumbani wakati wa baridi au la kuuza.

Kazi hii ni kama egesangio, ambapo majirani hulima mashamba yao kwa zamu. Tofauti ni kwamba hapa kila mwanachama hushona sehemu yake nyumbani, kisha zote huunganishwa. Vipimo visipolingana, blanketi haliungiki. Kitambaa, uzi na muda wa watu hupotea, na lawama huanza. Kwa hiyo, kubalianeni kuhusu kipimo kabla ya kukata chochote.

Hesabu yake

Vipande 9 hufanya pande moja. Mapande 30, yaani 5 kwa 6, hufanya blanketi la takriban sentimita 150 kwa 180. Kikundi cha watu 10 kitagawana mapande 3 kwa kila mtu.

Hatua za kufuata

1. Chagueni vitambaa vya pamba vyenye uzito unaokaribiana. Vifueni kwanza, kwa sababu pamba mpya hurudi na baadhi ya rangi huchuja.

2. Mtu mmoja akate kadibodi ngumu yenye sentimita 12 kila upande. Wote wapewe nakala iliyopimwa kutokana na hiyo.

3. Kateni vipande kwa kufuata uzi wa kitambaa. Kilichokatwa mshazari huvutika.

4. Unganisheni vipande vitatu vitatu, mkishona sentimita 1 kutoka ukingoni. Bandikeni utepe kwenye cherehani kuonyesha umbali huo.

5. Pigeni pasi kila mshono. Katika mstari wa kwanza na wa tatu, lazeni mishono kulia. Katika mstari wa pili, kushoto. Mistari ikiunganishwa, pembe zitakutana vizuri.

6. Pimeni pande. Linapaswa kuwa na sentimita 32 kila upande. 2 zitaliwa na mishono ya kuliunganisha na mengine. Mtu akishona sentimita 1.5 kutoka ukingoni badala ya 1, pande lake litatoka na sentimita 30. Asilivute lilingane. Afumue, ashone upya.

Kila mwanachama ashone pande moja la majaribio kwanza na kulileta mkutanoni lipimwe. Mapande yote yakishaungwa, wekeni blanketi kuukuu katikati na shuka chini, kisha shoneni tabaka zote tatu pamoja ili zisisogee.

Kuhusu kikundi

Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022 inahitaji kikundi kiwe na wanachama wasiopungua 10. Kwa usajili, fikeni katika ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo yenu. Anayetaka kujifunza cherehani tangu mwanzo aulizie kozi ya ushonaji katika chuo cha ufundi kilicho karibu naye.

Andikeni pia, kabla ya kuanza, nani ameleta kitambaa, nani ameshona mapande mangapi, na pesa za mauzo zitagawanywaje.