Alama ya Mfuatano katika Lugha ya R

Katika lugha ya kompyuta iitwayo R, kazi tatu zifuatanazo huandikwa kwa desturi h(g(f(x))). Ile itendwayo kwanza, yaani f, yasomwa mwisho. Toleo la 4.1.0, la mwaka 2021, liliongeza alama |>, nasi twaweza kuandika x |> f() |> g() |> h(). Uwezo haukuzidi: kompyuta huyarudisha maandiko hayo katika umbo la kale kabla ya kuyatenda. Kilichopatikana ni mpango wa usimulizi, mfano wa -ka- yetu: alichota maji, akayachemsha, akayachuja. Ila kile kiwakilishi -ya- hakimo; kinachopitishwa hushika nafasi ya kwanza ndani ya mabano, kimyakimya. Toleo la 4.2.0, la mwaka 2022, lilileta alama _ iwe kiwakilishi, mradi nafasi yake itajwe kwa jina. Sharti hilo, kwa maoni yangu, lambana mno mwandishi.