Lengo Kabla ya Kitabu

Muhula unapokaribia, azimio la kazi katika shule nyingi huandaliwa kwa kufungua kitabu cha kiada na kugawa sura zake katika wiki zilizopo. Mtihani hutungwa baadaye, kutokana na kilichowahi kufundishwa. Kazi huisha mapema, ila swali la msingi hubaki bila kuulizwa: mwaka ukiisha, tunataka mwanafunzi aweze kufanya nini?

Walimu wa Marekani waliwahi kulikabili swali hilo kwa pamoja. Kuanzia 1933 hadi 1941, shule za sekondari zipatazo 30 ziliruhusiwa kujipangia mitaala, vyuo vikuu vikiwa vimekubali kulegeza masharti ya kuwapokea wahitimu wa shule hizo. Ralph Tyler, aliyeongoza tathmini ya mpango huo, hakuwapelekea walimu mitihani iliyokwisha kutungwa. Aliwataka kwanza waeleze wanakusudia kujenga uwezo gani, na mtu atautambua kwa dalili zipi. Baadaye wahitimu walipolinganishwa na wenzao wa shule za kawaida, jozi 1,475, hawakuachwa nyuma chuoni, waliwazidi kidogo. Mwaka 1949 Tyler aliandika kitabu kuhusu misingi ya kuandaa mtaala, na malengo yakawa swali la kwanza.

Chukua mada ya sehemu katika Hisabati. Mwalimu akiandika kwamba wanafunzi “waelewe sehemu”, kila mwenzake atakubali, na kila mmoja atakwenda kufundisha kitu chake. Makubaliano hayo ni ya juu juu. Lakini walimu wakisema mwanafunzi aweze kugawa shamba la ekari 3 kwa warithi 4, aonyeshe kwa mchoro kwamba kila mmoja anapata robo tatu ya ekari, na aeleze kwa nini, mjadala wa kweli unaanza. Mwalimu wa darasa la chini atagundua kwamba amekuwa akichora duara moja tu lililokatwa vipande, ndiyo maana watoto hukwama vitu vinapokuwa vitatu. Mwalimu wa Sayansi ataomba uwiano ufundishwe kabla ya somo lake la kuchanganya vimiminika. Mambo kama haya hayaonekani kwa mwalimu anayeandaa peke yake.

Baada ya lengo hufuata ushahidi: swali au kazi gani itatuonyesha kwamba limefikiwa? Ndipo huja mbinu, zana na kurasa za kitabu. Kwa maoni yangu hatua ya ushahidi ndiyo ngumu kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi, kwa sababu hulazimisha walimu kuonyeshana maswali yao na kukosoana bila kuoneana haya.

Nchini Tanzania, umahiri unaotarajiwa umekwisha kuandikwa katika mihtasari ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Shule haianzi na karatasi tupu. Hata hivyo, muhtasari haujui watoto wa darasa lako wamefika wapi. Kuugeuza kuwa malengo ya wiki ni kazi ya walimu. Jumuiya za ujifunzaji shuleni, chini ya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini), zinafaa sana kwa kazi hii.

Mkuu wa shule, tenga saa ya kikao cha walimu cha kupanga malengo ndani ya ratiba, si baada ya kengele ya mwisho walimu wakiwa wamechoka. Na mada ya kwanza iwe moja tu, ile ambayo wanafunzi wenu huifeli kila mwaka.